Kome, chaza na kamba kama dawa ya saratani na maungo: kipi kimethibitika, kipi ni maneno ya kuuzia

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Wadau, salaam. Nina duka la dawa hapa Mbale, Uganda, na siku hizi hakuna jambo ninaloulizwa kama hili. Mtu anaingia, ana mgonjwa nyumbani, anafungua simu na kunionyesha tangazo la WhatsApp: kapsuli za kome wa midomo ya kijani kutoka New Zealand, "zinakausha saratani, zinaondoa maumivu ya maungo, zinasafisha damu". Chupa moja laki mbili na nusu, na mgonjwa anaambiwa amalize chupa sita. Hesabu mwenyewe ni mbuzi wangapi hao, na ni ada ya shule ya watoto wangapi.

Naandika kwa sababu tangazo lile lina hatari yake ya pekee: nusu ya maneno yake ni kweli. Viumbe wa baharini wenye magamba, pamoja na jamaa zao wasio na magamba, wametoa dawa halisi zinazotumika hospitalini leo, na mojawapo ni ya saratani. Ukimjibu muuzaji kwamba yote ni uongo, atakutolea makala ya wanasayansi na wewe ndiye utaonekana hujui. Afadhali tuufuate huo ukweli wenyewe tuone unaishia wapi.

Tuanze na huyo kome. Jina lake la kitaalamu ni Perna canaliculus, na New Zealand wanamfuga kwenye kamba zinazoning'inia baharini. Wamaori wa pwani, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wamemla tangu zamani, na watu wakawa wanasema wazee wa pwani hawasumbuliwi na viungo kama wale wa bara. Tangu miaka ya 1970 unga wake unauzwa kwa wenye baridi yabisi. Sababu inayotajwa ina maana. Goti linapovimba na kuwa la moto, mwili wenyewe ndio unaotengeneza kemikali za kuliwasha, prostaglandini na leukotrieni, kutokana na mafuta yaliyo kwenye kuta za seli. Diklofenaki na ibuprofeni ninazouza kila siku huzuia prostaglandini. Mafuta ya kome yana omega-3, na katika maabara yanaonekana kupunguza kemikali za aina zote mbili, ingawa kwa nguvu ndogo. Wagonjwa wamejaribiwa nayo pia. Majaribio mengi yalikuwa madogo na majibu yake hayaelewani: mengine yaliona nafuu kiasi kwa wenye magoti yaliyolika, mengine hayakuona tofauti yoyote na kidonge kitupu kisicho na dawa. Kwa hiyo mwenye maungo akiniuliza, namwambia inaweza kumpa nafuu kidogo, asitarajie makubwa, na asiuze kitu cha nyumbani kwa ajili yake.

Saratani ni habari nyingine kabisa.

Mwaka 1999 ilitoka habari kwamba mafuta ya kome huyu yameua seli za saratani katika maabara huko Adelaide, Australia. Seli zilizokuwa kwenye sahani. Hapakuwa na mgonjwa. Lakini New Zealand watu walivamia maduka ya dawa mpaka mzigo ukaisha. Baadaye waliouza kwa madai hayo walishtakiwa kwa sheria ya dawa ya nchi hiyo na kutozwa faini. Hiyo ndiyo nchi ya kome mwenyewe, wadau. Zaidi ya miaka 25 imepita na hata kwao hajasajiliwa kuwa dawa ya saratani.

Kuua seli za saratani kwenye sahani si kazi ngumu. Jik inaziua. Maji ya chumvi kali yanaziua. Kazi ni kuziua ndani ya mwili wa mtu, na huyo mtu abaki.

Na kome hakuwa wa kwanza. Miaka ya 1960 watafiti wa Marekani walikamua maji ya kombe mmoja wa pwani yao, Mercenaria mercenaria, wakaona yanazuia uvimbe usikue kwa panya. Magazeti yakaandika. Mpaka leo hakuna dawa iliyotoka hapo. Halafu akaja kombe wa bahari za baridi za kaskazini, Spisula polynyma. Kwake walipata molekuli yenye nguvu kweli, ikafika mpaka kupewa wagonjwa kwa majaribio ya awali, wakaiacha kwa sababu ya madhara kwenye ini na mishipa ya fahamu. Huyu ndiye anayenifikirisha zaidi kila nikisikia mtu akisema "haina madhara, ni chakula tu". Kikiwa na nguvu ya kuua saratani, kitakuwa na nguvu ya kuumiza ini pia. Kikiwa hakimuumizi mtu hata ale kiasi gani, basi nguvu hiyo ya saratani sijui inatoka wapi.

Ulizeni, nitajibu nikiwa sina wateja.

Mzee_wa_Tororo

Mwanangu mfamasia, asante. Mimi nimeendesha lori la Malaba na Kampala tangu ujana na magoti yamekwisha. Binti yangu yuko Dubai, ananitumia glukosamini. Kwenye chupa imeandikwa imetokana na magamba ya kamba na kaa. Je, ni mambo yale yale? Nikitumia naona kama nafuu, nikiacha siku kadhaa nasahau kama nilikuwa naitumia. Diklofenaki nilikatazwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Na nina warfarini ya moyo, nameza kila jioni.

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Mzee, shikamoo. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: glukosamini inaweza kuiongezea nguvu warfarini, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Ukienda kliniki ya moyo wiki hii ichukue hiyo chupa, waambie unaitumia, wakupime damu. Kwa sasa iweke kando mpaka waseme. Ukiona fizi zinatoka damu, au choo cheusi, usingoje siku ya kliniki.

Ndiyo, glukosamini nyingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa. Marekani walifanya jaribio kubwa, majibu yakatangazwa mwaka 2006: watu 1,583 wenye magoti mabovu, wengine wakapewa glukosamini, wengine kondroitini, wengine zote mbili, wengine kidonge kitupu. Kwa jumla waliopewa hizo dawa hawakuwazidi kwa kiasi cha maana waliopewa kidonge kitupu. Kwa hiyo ulichokiona mwenyewe, kwamba ukiacha husikii tofauti, ndicho walichokiona na wao. Mwambie binti asiendelee kuzigharamia. Kwa magoti yako nitakuwa na imani zaidi na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kama upo, na parasetamoli kwa kipimo ambacho kliniki yako inakijua, maana hata hiyo ikizidi siku nyingi inaigusa warfarini.

Magamba hayo yana kazi nyingine iliyothibitika zaidi. Kaitini iliyomo humo hugeuzwa kuwa kaitosani, na bandeji zake hutumika kuzuia damu kwenye majeraha makubwa. Wanajeshi wa Marekani wamekuwa nazo tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Hiyo inabandikwa kwenye kidonda, haimezwi.

Msabato_Kasese

Swali fupi. Sisi hatuli kitu cha majini kisicho na mapezi na magamba ya samaki. Je, mtu anaweza kuwa anameza kaa bila kujua?

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Anaweza, ndugu. Soma chupa. Kuna glukosamini inayotengenezwa kwa kuvu au mahindi, na huwa wameandika wazi. Wenye mzio wa kamba na kaa nao wasome vivyo hivyo, na wakae mbali kabisa na unga wa kome: mzio wa vitu hivi unaweza kuziba koo kwa dakika chache.

AfyaAsili_Kla

Nimesoma yote kwa makini na nitajibu kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaouza. Si mwizi. Nilianza kuuza baada ya mama yangu kupata nafuu ya vidole vyake. Alikuwa hawezi kumenya matooke, sasa anamenya. Hilo nimeliona kwa macho yangu na hakuna atakayenishawishi vinginevyo.

Kuhusu saratani, nina hoja mbili. Moja, viumbe hawa wanakaa kwenye maji machafu, wanachuja kila uchafu, na hawapati saratani. Lazima wana kinga fulani. Mbili, daktari, hukutaja kwamba iko dawa ya saratani ya tezi za limfu, Adcetris, iliyotokana na konokono wa Bahari ya Hindi, tena bahari yetu hii ya Afrika. Wazungu wakiuza kwa mamilioni ni sayansi, sisi tukiuza kwa laki mbili ni utapeli. Kwa nini?

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Ndugu yangu, nashukuru umejitokeza, na kuhusu vidole vya mama sikupingi. Nafuu ya maungo ndiyo mahali ambapo kome ana dalili ya kusaidia.

Kwamba hawapati saratani, hapana. Wanapata, na yao inatisha kuliko yetu. Mwaka 2015 watafiti walithibitisha kwamba kombe wa pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini wanakufa kwa saratani inayofanana na ya damu, na kwamba seli za saratani zenyewe husafiri ndani ya maji kutoka kombe mmoja na kuingia kwa mwingine. Baadaye saratani za namna hiyo zikaonekana kwa kome na kwa jamii nyingine za kombe. Haimpati binadamu, mtu asiogope kuwala. Ila yule anayesemekana ana kinga naye anaugua.

Sasa Adcetris. Hii umeigusa penyewe, na ningependa kila aliye hapa aijue mwanzo hadi mwisho, maana ndiyo habari nzuri kuliko zote.

Yule si konokono mwenye gamba la nje, ni jamaa yake: koa mkubwa mnene wa baharini aitwaye Dolabella auricularia. Mwaka 1972 kikundi cha mwanakemia George Pettit wa Arizona kilikusanya koa hao karibu na Mauritius. Waliwakamua, wakaona kuna kitu kinachozuia saratani kwa panya, lakini kilikuwa kidogo mno hata kukitambua ikawa taabu. Umbo la molekuli hiyo, dolastatini 10, lilitangazwa mwaka 1987. Miaka 15! Na karibu tani nzima ya koa ilitoa milligramu ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu moja. Fikiria lori dogo la koa na kinachobaki hakionekani vizuri kwenye ncha ya wembe.

Ikapewa wagonjwa kwa majaribio na ikashindwa. Ilikuwa sumu kali kwao, na saratani haikupungua kwa kiasi cha maana. Wengi wangeishia hapo. Wanakemia wakatengeneza kwenye maabara molekuli inayofanana nayo, kisha wakaifunga kwenye kingamwili inayotafuta alama moja tu, CD30, iliyopo juu ya seli za saratani ya tezi ya Hodgkin. Kingamwili inaibeba sumu mpaka mlangoni, seli inaimeza, sumu inafunguka ndani na kuvunja nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Inatolewa kwa dripu, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa, huku damu na mishipa ya fahamu vikiangaliwa.

Ndani ya chupa ya Adcetris hamna koa hata chembe. Tena mwaka 2001 dolastatini 10 yenyewe ikapatikana kwa bakteria wa kijani wanaoota baharini, wale ambao koa anawala. Koa alikuwa ameibeba tu kutoka kwenye chakula chake.

Umeuliza kwa nini wao wakiuza ni sayansi. Kwa sababu walikubali kupimwa, na ya kwanza iliposhindwa walisema imeshindwa. Chupa unayouza haijapita huko. Uza kwa maungo, andika hivyo, punguza bei, na mimi mwenyewe sitakuwa na neno na wewe. Neno "saratani" liondoe kwenye tangazo lako, nakusihi kwa dhati.

BintiMvita (Jinja)

Jamani, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku Jinja, na mambo haya nimekulia ndani yake. Maji yakipwa tulikuwa tunashuka na bibi na vikapu, tunachokoa kombe kwenye mchanga, chaza tunawabandua mwambani kwa kisu kifupi. Bibi alikuwa na kanuni moja: kilichofunuka kabla hujakigusa, tupa, na kilichokataa kufunuka baada ya kuchemka, tupa pia. Supu yake alikunywa mzazi, alikunywa mtu aliyetoka homa, ilisemekana inarudisha nguvu. Sikumsikia hata mzee mmoja akisema inatibu saratani.

Naongeza mawili ya tahadhari kwa watu wa bara mnaopelekewa vitu hivi. Usile chaza mbichi kama una ugonjwa wa ini, au kama uko kwenye kemo. Kuna bakteria wa maji ya chumvi anayeingia kwenye damu ya mtu dhaifu na kumuua kwa siku chache. Na kwa vile hawa wanachuja maji kutwa, wakikaa karibu na mitaro ya mji wanakusanya risasi na kadmiamu. Kwa hiyo unga uliosagwa usiojulikana umetoka ghuba gani, mimi simpi mwanangu.

La pili ni kwa wanaopenda kuokota makombe wakienda Mombasa au Unguja. Kuna konokono mmoja ana gamba zuri mno, umbo la pia, michoro kama kitambaa. Akiwa hai usimshike! Ana mwiba wenye sumu, na wako aina ambao wameua watu.

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Dada BintiMvita, umeokoa watu hapo. Na huyo huyo mwenye mwiba ndiye mfano wangu wa pili. Mfilipino Baldomero Olivera alianza kuzichunguza sumu za konokono hao, na kwa mmoja wao, Conus magus, ikapatikana molekuli iliyotengenezwa kuwa dawa ya maumivu makali, zikonotidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hutumika kwa watu wachache ambao dawa nyingine zimeshindwa, wakiwemo wa saratani. Inaingizwa kwa pampu ndani ya maji ya uti wa mgongo. Haitibu saratani, inatuliza maumivu.

Okello_Busia

Swali kutoka ziwani. Huku kwetu makombe ya Nalubaale (Ziwa Victoria) yanachimbwa kwa magunia na kusagwa kwa chakula cha kuku. Konokono nao wamejaa kwenye matete. Je, kwa nini watafiti wetu wasiwapime hao badala ya kungoja wa New Zealand? Nina rafiki ameanza kuwakausha.

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Kupima, ndiyo, na ningefurahi. Wandegeya iko taasisi ya serikali inayochunguza dawa za asili, na Makerere wapo wenye vifaa. Hiyo ndiyo njia.

Ila mwambie rafiki yako aache leo kuingia majini kuwakusanya. Konokono wadogo bapa wa kwenye matete, Biomphalaria, ndio wanaomlea mdudu wa kichocho cha matumbo. Mtu hampati mdudu huyo kwa kumla konokono, anampata kwa kusimama kwenye maji hayo, mdudu anapenya ngozi. Kichocho kikikaa miaka ini linaharibika, mishipa ya tumbo inavimba, mtu anatapika damu. Kama amekuwa akiingia humo muda mrefu, aende kituo cha afya apimwe choo; prazikwanteli ipo na inatibu.

Makombe ya chakula cha kuku ni chokaa tu, kalisi. Kuku wanaotaga yanawafaa. Na kama anatafuta omega-3 ya ziwani, mukene (dagaa) anayo, kilo yake inajulikana bei, na watoto wanapata kalisi kwa mifupa yake.

Hajati_Bombo

Salaam aleikum wanangu. Nimesoma kuanzia juu kwa msaada wa mjukuu wangu. Nina mdogo wangu wa mwisho, ana miaka thelathini na kitu, wamempata na hiyo hiyo saratani ya tezi ya Hodgkin. Anatibiwa Taasisi ya Saratani pale Mulago, dripu kila baada ya wiki mbili. Sasa hataki kurudi. Mtu amemwambia kuna konokono wa baharini anatibu Hodgkin, na ameshanunua chupa mbili. Kumbe ndiyo hadithi hii mliyoisimulia! Nifanye nini, wanangu? Ni mkaidi na mimi ndiye niliyemlea.

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Wa aleikum salaam Hajati. Soma hii mbele yake, au mjukuu aisome.

Kaka, Hodgkin ni mojawapo ya saratani zinazopona kwa wengi zikitibiwa kikamilifu. Kupona kabisa, mtu akaoa, akalea. Dripu ya kila wiki mbili kwa kawaida ni mchanganyiko wa dawa nne, na mojawapo, vinblastini, ilipatikana kwenye lile ua la rangi ya waridi au nyeupe lililotoka Bukini (Madagaska), ambalo leo limepandwa kwenye nyua nyingi Uganda. Ndugu yake vinkristini, wa ua hilo hilo, amekuwa akitibu watoto wenye saratani ya Burkitt hapo hapo Mulago. Ugonjwa huo aliuelezea daktari Denis Burkitt akiwa Mulago mwaka 1958, na taasisi ikafunguliwa mwaka 1967. Kwa hiyo dawa ya asili tayari unaipata, kaka, imepimwa na inaingia kwenye mshipa wako. Hakuna mzazi anayetafunisha mtoto wa Burkitt majani ya ua lile, maana yangemuua kabla hayajamponya. Koa naye ni hivyo hivyo.

Kapsuli ulizonunua hazina dawa ya Adcetris, hata zikiwa na picha ya konokono. Ukikatiza dripu katikati, seli zilizobaki ni zile zilizo ngumu zaidi, na kuanza upya kunakuwa kugumu.

Nesi_Soroti

Hajati, naomba niongeze, mimi ni muuguzi wa huduma za wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Kabla ya kubishana naye kuhusu konokono, kaa naye umuulize kwa upole: kinachokukimbiza kule ni nini? Nimeuliza swali hilo kwa wagonjwa wengi na mara nyingi jibu halihusu dawa ya asili kabisa. Ni kutapika usiku kucha baada ya dripu. Ni nauli. Ni maumivu ambayo hajamwambia mtu kwa kuwa anaona aibu ya mwanamume kulia.

Kila moja lina njia. Kutapika, kuna dawa za kuzuia zinazotolewa kabla ya dripu na za kwenda nazo nyumbani. Kama hazimtoshi aseme, zibadilishwe. Maumivu, nchi yetu ina morofini ya maji, bure kwa mgonjwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyotufungulia njia: unga wa morofini unachanganywa na maji, unatiwa rangi ili vipimo visichanganywe, ile nyepesi ni ya kijani. Tangu mwaka 2004 hata sisi wauguzi tuliosomea kazi hii tunaruhusiwa kuiandika. Makao yao ni Makindye, na wana matawi Mbarara na Hoima. Watu wanaogopa morofini wakidhani ni ya anayekufa. Si kweli. Nimewaona waliorudi shambani wakiwa wanaitumia, na waliopona wakaiacha taratibu.

Hiyo dawa ya konokono wa mwiba aliyoitaja mfamasia, inayotaka pampu ya uti wa mgongo, huku wodini kwangu sijapata kuiona. Morofini ya kijani ninayo kabatini leo.

AfyaAsili_Kla

Hajati, kama chupa hizo mbili amenunua kwangu, aniletee nimrudishie pesa. Nimefuta neno saratani kwenye tangazo. La maungo nimeliacha.

Mfamasia_Elgon (Mbale)

Mungu akubariki, ndugu. Na kwa wengine mnaoendelea kuona matangazo yanayotaja saratani, pigeni picha ya chupa na namba ya usajili kama ipo, mpeleke kwenye ofisi ya NDA, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyo karibu. Kazi ya mamlaka hiyo ni hiyo.

Hajati_Bombo

Wanangu, nimekaa naye jana baada ya magharibi. Nesi, ulisema kweli. Ni kutapika, na vidole vinakufa ganzi, akadhani anapooza na hakumwambia yeyote. Amekubali twende Jumatatu, nami nitakuwepo. Je, nimwambie daktari kwamba amekuwa akimeza hizo kapsuli? Anaogopa atafokewa.

Nesi_Soroti

Mwambie, Hajati, tena beba na chupa yenyewe. Wataandika kwenye faili na kuangalia kipimo cha ini kabla ya dripu. Kuhusu ganzi ya vidole asifiche hata kidogo: vinblastini inaweza kuileta, na daktari anaweza kupunguza kipimo. Mwandikie kwenye karatasi ilianza lini, vidole vipi, na kama anashindwa kufunga vifungo vya shati. Fikeni asubuhi mapema kwa sababu damu hupimwa kwanza, na ale kidogo kabla ya kutoka nyumbani.